Dada Aliuliza Kuhusu Yusuf

Mama alikuwa kwenye kochi, miwani myeusi usoni, miguu juu ya stuli, ananisikiliza nikimsomea. Siku tisa kabla alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, na masharti yalikuwa mengi: asiiname, asibebe ndoo, asisugue jicho, asisome. Yale matatu aliyavumilia. La nne lilimtesa, maana mama yangu ni mtu wa kusoma hata karatasi iliyofungiwa vitumbua. Basi kila baada ya magharibi nikawa namsomea *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, kurasa kumi au kumi na tano, mpaka aseme koo langu limechoka. Husema hivyo usingizi ukimbana yeye.

Jioni ile tulifika pale ambapo Yusuf, mtoto wa miaka 12, anaambiwa na baba yake kwamba atasafiri na yule mfanyabiashara tajiri anayefikiaga kwao. Jikoni sufuria zilikuwa zinasuguliwa. Yusuf akapandishwa treni.

Sufuria zikanyamaza.

Nikaendelea kusoma. Kurasa mbili, tatu. Hazikuanza tena.

Kesho yake asubuhi, nikiwa nahangaika na funguo, dada wa kazi akaniuliza, kanipa mgongo, anakoroga uji wa mtoto: “Dada, yule Yusufu alirudi kwao?”

Nikamwambia asubiri tumalize, nikimwambia sasa utamu utaisha.

Mwisho nilikuwa naujua. Kitabu hiki nilikisoma zamani kwa Kiingereza. Nilikwepa tu, na wakati ule sikujua nakwepa nini.

Swali lile limenikaa wiki sita. Nilikuwa nimekusudia kuandika mambo mepesi: vitabu viwili na albamu mbili zilizonifurahisha mwaka huu, na maneno machache ya kujionyesha. Makala ile nimeianza mara tatu, nimeifuta mara tatu. Iliyobaki ni hii.

## Niliyemheshimu bila kumpenda

*Paradise*, ndiyo *Peponi* yenyewe kwa Kiingereza, ilitoka mwaka 1994. Mimi niliisoma chuoni, nakala iliyopita mikono mingi hadi jalada likawa limeshikwa kwa gundi ya karatasi. Niliiheshimu. Niliiheshimu kama unavyomheshimu mgeni aliyekuja kwako na suti siku ya joto: unampa kiti kizuri, unampa juisi, unasubiri aondoke ulegeze mkanda.

Kisha ikaja Oktoba 2021, Gurnah akapewa Nobel, na ghafla nchi nzima ilikuwa imemsoma tangu utotoni. Nami nilimo. Nilipiga picha lile jalada la gundi nikaliweka mtandaoni, na maneno ya fahari chini yake. Kukifungua tena sikukifungua.

Tafsiri ya Ida Hadjivayanis ilitoka mwaka uliofuata, kwa Mkuki na Nyota, na mimi nikaitilia shaka kabla ya kuigusa. Hoja yangu ilikuwa hii: mtu wa Unguja kaandika kwa Kiingereza habari za watu waliokuwa wakizungumza Kiswahili. Sasa mwingine anakirudisha Kiswahilini. Si sawa na kuipeleka kanga yako kwa dobi wa Ulaya, ikarudi imepigwa pasi, halafu ukaambiwa uishangilie? Nilidhani nitasikia pasi kila mstari.

Shaka hiyo ilianza kuvunjika kwa Kalasinga.

Mnaomjua mnajua. Ni yule Singasinga fundi wa magari, mbishi, mwenye huruma, ambaye anatangaza mbele ya marafiki zake Waislamu kwamba atatafsiri Kurani kwa Kiswahili. Wanamwambia hata Kiswahili chenyewe hakijui, sembuse Kiarabu. Anajibu kwamba ataitoa kwenye tafsiri ya Kiingereza. Nilipoisoma chuoni nilitabasamu. Nilipomsomea mama, kwa Kiswahili, ndani ya kitabu ambacho chenyewe kimetolewa kwenye Kiingereza, alicheka hadi mkono ukaenda kwenye jicho, nikaruka kuushika.

“Huyu mtu,” akasema, “keshajicheka kabla hatujamcheka.”

Hapo ndipo nilipoacha kusikiliza pasi. Kile ambacho kwa Kiingereza kilikuwa baridi, yale mazungumzo ya duka, matani ya wapagazi, Khalil na Kiswahili chake cha Kiarabu ambacho wateja wanakicheka, vyote vilipata mahali pa kukaa. Niliigiza lafudhi. Mama akanisahihisha lafudhi. Alikulia Ngamiani, Tanga, amenunua sukari kwa Waarabu wa kila aina na ana sampuli za kutosha.

Sisemi tafsiri imeishinda asili. Kuna mahali nilihisi sentensi inatembea kwa viatu vya kuazima, na kuna maelezo ya bustani ambayo kwa Kiingereza yalikuwa na kivuli zaidi. Ila *Paradise* sikuwahi kumsomea mtu kwa sauti. Hiyo nayo ni hukumu.

## Ndugu wa kweli, au wa heshima?

Mama hasomi kama mimi. Mimi natafuta “dhamira”, ugonjwa nilioupata darasani na haujanitoka. Mama anauliza maswali ya mtu anayetaka kujua kama atoe mchango au la.

Yusuf alipopanda treni na yule tajiri Aziz, aliuliza: “Ni ndugu wa baba yake kweli, au wa heshima tu?”

Nikamwambia tutaona.

“Na baba anajua anachofanya?”

Hilo la pili sikuwahi kujiuliza. Nilikuwa nimemsoma yule baba kama sababu tu ya hadithi kuanza: mwenye hoteli isiyolipa, ana deni, anamtoa mwanawe. Kiswahili kina neno la kilichofanyika pale, nalo ni rehani, neno la mali. Unaweka rehani shamba, unaweka rehani mkufu. Mama alitaka kujua kama baba alimweka mtoto rehani huku akijua, au alijidanganya kwamba anampeleka kwa ndugu akapate maisha. Nilipekua nyuma kutafuta jibu, na nilichokiona ni jinsi Gurnah alivyokataa kulitoa.

Jibu la lile la kwanza lilikuja upesi. Khalil, kijana aliyetangulia kuwekwa pale dukani kwa deni la baba yake, anamfundisha Yusuf somo la kwanza la maisha mapya: yule si ndugu yako. Usimwite hivyo tena. Mwite Seyyid.

Nilipoufikia mstari huo nilinyanyua macho, nikamkuta dada mlangoni mwa jikoni. Kaja na kigoda chake. Kakaa nusu ndani ya sebule, nusu ndani ya jikoni, kitambaa cha vyombo mapajani.

Mimi namwita dada. Mume wangu anamwita dada. Mtoto anamwita dada, na majirani wakija wanauliza “dada yupo?” Nina miaka 38, yeye ana 22. Yeye naye ananiita dada. Tunaitana dada nyumba nzima, kama kwaya.

Jina lake analo, na nalijua, mkilitilia shaka. Ila nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho nililitamka, nikakumbuka ilikuwa siku ya kumpokea, stendi ya Magufuli pale Mbezi, usiku, basi la kutoka Singida limechelewa. Nilimwita kwa jina ili nimtambue kati ya abiria. Kuanzia kwenye bajaji ya kwenda nyumbani akawa dada.

Sikusoma vizuri jioni ile.

Nilijitetea, tena sana, kimoyomoyo, nikiwa naosha uso. Huyu si mtoto wa miaka 12. Hakuna deni la mtu. Analipwa, tena kila mwisho wa mwezi, sicheleweshi. Simpigi, simfokei, anakula tunachokula. Orodha ilikuwa ndefu, na nilikuwa naipenda, mpaka nikaipeleka kwa mama ili aipige muhuri.

“Hata huyo tajiri wenu,” mama akasema, “mbona hapigi mtu?”

Ndiyo hivyo. Aziz ni mpole. Hapazi sauti, ana adabu, anapita na harufu nzuri, mtoto anapenda akija maana humwachia sarafu. Nilipokuwa mwanafunzi niliandika insha nzima kumwita mnyonyaji, na insha ile haikuwa na uso. Sasa ana uso wa mtu anayelipa mwisho wa mwezi na hapazi sauti.

## Nyimbo za kwenye kitochi

Niwape mapumziko, niseme ya muziki, maana nako nilipatikana.

Dada ana simu ndogo ya tochi, na ndani yake memori kadi aliyojaziwa nyimbo kwenye kibanda, zile za kuweka nyimbo kadhaa kwa bei ya soda. Hakuna mpangilio. Pambio la kanisani linafuatiwa na singeli, singeli inafuatiwa na Zuchu. Kwa miaka miwili nimesikia nyimbo saba za *I Am Zuchu* zikipita jikoni kwangu zimechanganywa kama mchele na choroko, na nilikuwa na maoni tayari: muziki wa bajaji. Mzuri ukiwa safarini, ukishuka umeubwaga.

Ile ilitoka mwaka 2020, kazi ya kwanza ya msichana kutoka lebo ya Wasafi, na kelele za kumtambulisha zilikuwa kubwa kuliko kazi yenyewe. Mimi huwa nachelewa makusudi. Ngoma nazisikiliza kelele zikiisha, vitabu navisoma tuzo zikipoa. Hii nilichelewa miaka mitano, na hata hapo nisingeigusa kama si mama.

Siku moja wimbo “Mauzauza” ulipita jikoni. Mama, miwani myeusi, hajageuza hata shingo: “Huyo si Khadija?”

Ni yeye. Khadija Kopa, mama mzazi wa Zuchu, kaja kumsindikiza mwanawe kwenye kazi ya kwanza. Mama alimfahamu toka enzi za kundi la taarabu la Culture kule Unguja, kabla hajavuka kuja kundi la TOT, na ana malalamiko naye ya zamani ambayo hayanihusu. Kipimo cha mama ni Shakila wa Black Star, na mbele ya Shakila kila mtu anapiga kelele. Ila alimwambia dada aurudie. Ukarudiwa mara tatu.

Basi nikaisikiliza yote, kwa mpangilio wake, usiku, na vipokea sauti masikioni.

Maoni yangu ni haya. Midundo yake nusu ungeweza kuigawia wasanii watatu wengine wa lebo ileile, wasigundue imebadilishwa. “Hakuna Kulala” siihitaji. “Kwaru” siipendi lakini inanijia bafuni, na wimbo unaokujia bafuni umeshakushinda. “Wana” na “Nisamehe” nazirudia kwa hiari. Kinachomtofautisha ni kwamba hamezi maneno. Vokali anazimaliza. Wenzake wengi wanaimba kama wanaogopa Kiswahili kitawachafua, wanakikimbiza kipite. Huyu anakaa nacho. Mama ana nadharia: mtoto wa taarabu amekua akiona watu wanainuka kutuza kwa sababu ya neno moja lililomgusa mtu mahali pake. Anajua hela ziko kwenye neno.

(Kwa nini basi jina la kazi liwe la Kiingereza? Sijui nani aliwaambia wasanii wetu kwamba jalada likiandikwa Kiswahili albamu haivuki mpaka. Professor Jay aliita ya kwake *Machozi Jasho na Damu* mwaka 2001 na hadi leo hatujaisahau.)

Nilikuwa naeleza haya sebuleni, nimenogewa, nasema jinsi mama na binti wanavyopokezana kwenye “Mauzauza”, jinsi mkubwa anavyoingia bila kumfunika mdogo. Dada akasema, kutoka kwenye kigoda: “Huyo alifundishwa kazi na mama yake.”

Kisha: “Mimi nilifundishwa na dada wa Dodoma.”

Hakulisema kwa uchungu, kama ndicho mnachosubiri. Alilisema kama mtu anavyotaja shule aliyosoma. Mama ndiye aliyeuliza, ana miaka mingapi wakati huo. Kumi na tano. Alimaliza la saba, akakaa kidogo, akaja mtu anayeitwa mjomba, akamchukua.

“Mjomba kweli?” mama akauliza.

“Wa heshima.”

Miaka miwili yuko nyumbani kwangu. Nilikuwa najua anapenda chai ya tangawizi, anaogopa paka, akipika maharage anatia nazi nyingi mno. Dodoma sikuwa naijua.

## Treni nyingine

Albamu ya pili niliyotaka kuisifia ni *Midnight Train* ya Sauti Sol, ya mwaka huohuo wa 2020. Nitaisema harakaharaka maana moyo haupo. Ni kazi iliyonyooka, labda imenyooka mno. “Suzanna” ni wimbo ambao hata mwendokasi ya saa moja asubuhi, pale Kimara, kiwiko cha mtu kikiwa shingoni mwako, unakupa nafasi ya kupumua. “Brighter Days” na Soweto Gospel Choir ni kubwa kama kanisa, na kama kanisa kubwa, nikiwa ndani naanza kuangalia dari. Bado nawapenda zaidi kwenye *Mwanzo*, ya 2008, sauti na gitaa, kabla hawajawa na pa kwenda. Waliagana na mashabiki mwaka 2023 na mimi nikawa mmoja wa watu wazima waliohuzunika kupita kiasi kwa jambo lisilowahusu.

Nilikuwa nimeandaa aya tamu ya kuiunganisha treni yao na treni ya Yusuf. Nimeitoa. Treni ni treni tu.

## Noti ya elfu kumi

Kitabu cha pili ni *Theft*, riwaya ya Gurnah iliyotoka Machi 2025, ya kwanza tangu Nobel. Hii nilikuwa naisoma peke yangu, kwa Kiingereza, usiku, mama akishalala. Nilitaka kuona mtu anaandika nini baada ya dunia kumwambia ameshafika.

Ameandika habari za mtumishi wa ndani.

Si yeye pekee. Kuna Karim, kijana msomi aliyeng’aa, kuna Fauzia, kuna mapenzi yanayoanza vizuri. Lakini moyo wa kitabu, kwangu, ni Badar: mvulana anayeletwa kwenye nyumba ya watu hapa hapa Dar es Salaam, anaonyeshwa chumba chake, anaanza kazi. Hakuna anayemweleza vizuri kwa nini yuko pale. Miaka 31 baada ya Yusuf, mwandishi yuleyule kamrudia mtoto yuleyule, kambadilishia zama na kumuachia ufagio. Wapo waliolalamika kwamba Gurnah anajirudia. Mimi nadhani anarudi kwa sababu hatujamjibu.

Kwa upande wa ufundi nakiona kimepungua moto. Kinatembea taratibu, kinapita miaka kama mtu anayegeuza kurasa za albamu ya picha, na sehemu ya hoteli huko Unguja, na wageni wake wa kizungu, niliimaliza kwa nidhamu zaidi kuliko kwa hamu. *Peponi* ni kitabu kikubwa zaidi. Lakini *Theft* ina kitu ambacho *Peponi* haina, nacho ni ukaribu. Hakuna msafara, hakuna chifu, hakuna Wajerumani. Kuna jikoni, kuna bili ya duka, kuna tajiri wa nyumba anayeanza kuhesabu vitu.

Badar anatuhumiwa wizi.

Nilifunga kitabu. Saa sita kasoro, feni inalia, mume anakoroma.

Mwaka jana, mwezi wa tano, noti ya elfu kumi ilipotea kwenye droo ya kabati. Sikumwambia dada neno. Mimi ni mstaarabu. Nilichofanya ni kuanza kuhesabu. Nilihesabu chenji ya sokoni, nikaweka alama ya kalamu kwenye pakiti ya sukari, nikahamisha pochi kutoka mezani kwenda chumbani, na nikafunga mlango wa chumba nikitoka, mlango ambao haukuwahi kufungwa. Nilimsalimia kila asubuhi kwa sauti ileile. Wiki tatu.

Noti niliikuta kwenye mfuko wa koti la mvua.

Nikafurahi, kama unavyofurahi ukiokota hela yako mwenyewe. Nikanunua kuku. Mlango nikaacha kuufunga, sukari ikaisha na pakiti ikatupwa, na nikaamini jambo limeisha bila yeye kujua. Usiku ule, *Theft* mapajani, ndipo nilipojiuliza: mtu anayefagia chumba kila siku, siku moja akakuta kimefungwa, akakuta kimefungwa siku ishirini, kisha akakikuta wazi na jioni kuna kuku, huyo hajui?

Asubuhi nilijaribu kumwambia. Nilianza na “unakumbuka mwaka jana”, akaniangalia, akasema, “Ile ya sukari?”

Nikasema ndiyo, ile.

“Ilishapita, dada.” Akaendelea kumenya vitunguu.

Sijui kama nilisamehewa au niliondolewa jikoni. Nimelipindua jibu lile pande zote na bado sijui.

## Shati

Wiki ya mwisho ya *Peponi* tulikuwa watatu rasmi. Kigoda kilibaki jikoni, dada alikaa kwenye mkeka na mtoto amemlalia.

Hapo sasa ndipo palipokuwa na utamu ambao sitaupata tena kwenye kitabu kingine. Bibi mwenye nyumba, mke wa tajiri, anaanza kumtaka Yusuf aje ndani, karibu zaidi kila siku. Mama akajinyoosha. Kurani anaijua na jina la kijana huyu halikumpita tangu ukurasa wa kwanza. “Shati litachanika,” akatangaza. “Kwa nyuma.”

Dada akakataa. Yeye kasoma shule ya Jumapili huko Singida, na kwa jinsi anavyojua yeye, Yusufu alikimbia akaiacha nguo mkononi mwa yule mwanamke, na nguo ndiyo iliyomfunga.

“Shati ndilo lililomtoa,” mama akasema. “Limechanika nyuma, maana yake alikuwa anakimbia.”

“Nguo ndiyo iliyompeleka gerezani, bibi.”

Walibishana kama nusu saa. Mimi mwenye shahada nilikuwa nimeshika kitabu kama mwamuzi aliyemeza filimbi. Waliponiruhusu kusoma, shati lilichanika, na lilichanika nyuma, mama akapiga goti kwa kiganja. Dada akasema, sawa, lakini subirini muone kama kutoka atatoka.

Wote wawili walikuwa wanasoma kitabu kuliko nilivyowahi kukisoma.

Hata juu ya Mzee Hamdani, mtunza bustani, hawakuelewana. Ni mtumwa aliyepewa uhuru akaukataa, kwa hoja kwamba uhuru si kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukupa. Chuoni tulimpigia makofi, na mama naye alimpenda kuliko wote. Dada hakumpenda hata kidogo. “Angeuchukua,” alisema. “Angeuchukua kwanza, maneno hayo akayasemee njiani.”

Tulimaliza siku ya Jumapili. Kama hamjakisoma rukeni mistari miwili hii: Wajerumani wanapita kukamata watu wa kuwatumikisha, wanaondoka, na Yusuf, aliyejificha salama ndani, anatoka na kuukimbilia msafara wao. Kwa hiari. Kitabu kinakatika hapo.

Kimya. Mama akasema “ah” kama mtu aliyeonjeshwa chai bila sukari.

Nikamgeukia dada. Nilikuwa na deni lake la wiki kadhaa. “Hakurudi kwao,” nikamwambia.

“Nilijua,” akasema. “Hata yule wa Biblia hakurudi kukaa. Ndugu ndio waliomfuata Misri. Yeye ilirudi mifupa.”

Aliinuka kumpeleka mtoto kitandani. Alipotoka chumbani alisimama palepale kati ya sebule na jikoni, akasema, akiiangalia feni na si mimi: “Dada, Desemba naomba niende nyumbani. Wiki tatu.”

Huwa nampa siku tano. Hatukuwahi kukubaliana siku tano; nilizitaja mwaka wa kwanza, zikawa sheria. Kichwani nikaanza hesabu: nani atabaki na mtoto, mkutano wa kazini wa mwisho wa mwaka, wageni wa Krismasi.

“Na nauli ya kurudi nitajilipia mwenyewe,” akaongeza. “Nikirudi.”

Hilo “nikirudi” lilikaa hewani.

“Mjibu mtoto wa watu,” mama akasema, miwani myeusi imeelekea ukutani, “halafu ufungue kile cha Adam Shafi. Sina usingizi.”

Nikamwita dada kwa jina lake. Aligeuka haraka, kama mtu aliyedhani kuna kosa.

Nikamwambia achukue wiki tatu. *Vuta N’kuvute* ilikuwa chini ya rafu, chini ya magazeti, na ilinichukua muda kuipata. Niliporudi alikuwa ameshakaa mkekani.